Mwanzi Usio Mwanzi: Kuutunza Mmea wa Bahati Ukiwa Kampala

"Maji tu, nnyabo. Huu hautaki kitu kingine." Ndivyo wauza miche wa Kampala wanavyoupigia debe mwanzi wa bahati, na kwa miezi miwili mitatu ya mwanzo maneno yao huwa kweli. Mashina matatu yaliyofungwa utepe mwekundu yanasimama katika chombo cha kioo kando ya televisheni, majani yanang'aa, wageni wanasifu. Kisha siku moja unaona ncha ya jani imekauka. Wiki ya pili shina moja linaanza kugeuka manjano kutokea chini. Ukiinua chombo, harufu inakujibu kabla hujauliza.

Mara nyingi mmea huo unaponzwa na jina lake. Tukiusikia "mwanzi" tunafikiria kitu cha bondeni, kigumu, kinachostahimili jua kali na maji yoyote. Mmea ulio mezani kwako hauko hivyo. Kwa hiyo tuanze kwa kuujua, kisha utunzaji utajieleza wenyewe.

Umenunua nini hasa?

Jina lake la kitaalamu ni Dracaena sanderiana. Mwanzi wa kweli ni wa ukoo wa nyasi, ndugu wa muwa na mahindi. Ukitaka kuuona hapa Uganda, panda Mlima Elgon, ambako Wamasaaba hukata machipukizi yake, huyakausha kwa moshi na kuyapika na karanga, wakala malewa. Mmea wako wewe hauna nyasi hata moja katika ukoo wake. Asili yake ni misitu ya Kameruni na jirani zake, ambako huota chini ya miti mikubwa, mahali pasipofikiwa na jua moja kwa moja. Jina "sanderiana" linamkumbuka Henry Frederick Conrad Sander (1847–1920), mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa mimea Uingereza. Wachina nao waliupa jina la fu gui zhu, yaani mwanzi wa utajiri na heshima, kwa sababu shina lake lina mafundo kama mwanzi. Mmea wa Afrika ukaenda kulimwa Asia, ukarudi Afrika umevishwa utepe.

Ndugu zake wa karibu tunao hapa hapa. Oluwaanyi, ambao Waganda wameupanda tangu zamani kuonyesha mpaka wa shamba na shamba, ni Dracaena. Isale la Wachaga wa Kilimanjaro, lile jani analopelekewa mtu kuombwa msamaha, ni Dracaena pia. Isale huota kihambani, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba: kivuli juu, udongo wenye unyevu chini, maji ya mvua. Picha hiyo ya kihamba iweke akilini. Kila utakalolisoma hapa chini ni namna ya kuuletea mmea wa sebuleni kivuli kile na maji yale.

Ukiwa kwa muuza miche

Usiangalie utepe wala chombo. Bonyeza shina kwa vidole kuanzia chini hadi juu. Likiwa gumu sawasawa na la kijani, zuri. Likibonyea au likiwa na doa la manjano, liache, hata ukipunguziwa bei, kwa maana shina lililogeuka manjano halirudi kuwa kijani.

Kisha tazama mizizi. Wengi hushtuka wakiona mizizi myekundu au ya rangi ya chungwa wakadhani ni ugonjwa. Hiyo ndiyo rangi yake ya afya. Mizizi mibaya ni ile iliyo nyeusi au ya kahawia iliyolegea na kuteleza.

Nusa maji. Tazama pia kama yana viluwiluwi vya mbu vinavyochezacheza karibu na uso wa maji. Ukiviona, mwaga maji yote kabla ya kuuingiza mmea nyumbani, na usiyamwage kwenye ndoo au dimbwi. Yamwage juu ya udongo mkavu.

Kama umevutiwa na yale mashina yaliyojikunja kama springi ya godoro, ujue hayakuzaliwa hivyo. Mkulima huyalaza na kuyageuzageuza, kwa kuwa ncha hufuata mwanga. Ukifika nayo nyumbani, chipukizi jipya litakwenda juu moja kwa moja. Hilo si kosa lako.

Maji, ndipo penye kazi

Muuza miche alisema kweli kwamba mmea huu unataka maji. Hakusema ni maji gani.

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria, husafishwa na shirika la taifa la maji, NWSC, na kutiwa klorini ili yasituletee maradhi. Klorini hiyo inatufaa sisi, lakini ikizidi huunguza ncha za majani ya Dracaena. Dawa yake ni rahisi. Kinga maji katika beseni au sufuria pana jioni, yafunike kwa kitambaa chepesi, yalale wazi usiku kucha. Klorini itapungua kwa kupotelea hewani. Njia nyingine iko jikoni kwako tayari: nyumba nyingi za Kampala huchemsha maji ya kunywa kila siku. Yakipoa kabisa, upe mmea kidogo. Yasiwe ya vuguvugu, na yasiwe yametoka kwenye friji.

Yaliyo bora kuliko yote ni maji ya mvua, na Kampala haina uhaba wake, hasa Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Ila usikinge yale ya mwanzo yanayosomba vumbi jekundu na kinyesi cha ndege kutoka kwenye mabati. Acha mvua inyeshe dakika kumi au zaidi, ndipo uweke jerikeni lako. Likijaa, lifunge kifuniko.

Msomaji wa Arusha au Nakuru ana shida nyingine. Maji ya huko, hasa ya visima, yanajulikana kwa floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Dracaena ni miongoni mwa mimea inayoumizwa sana na floridi. Kulaza maji usiku hakuiondoi, na kuyachemsha huizidisha makali, kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki. Huko tumia maji ya mvua tu.

Yawe kiasi gani? Yafunike mizizi na kupanda juu yake kidogo, vidole viwili hivi. Ukijaza chombo hadi katikati ya shina, sehemu iliyozama bila kuwa na mizizi itaoza. Mashina yakiyumba, yashikilie kwa kokoto safi zilizooshwa na kuchemshwa. Usiongeze maji kwa ajili hiyo.

Badilisha maji yote kila wiki. Wengi huongeza tu yanapopungua. Maji hupungua lakini chumvi zilizomo hazipungui, hubaki na kurundikana, na baada ya miezi michache mizizi inaogelea katika supu ya chumvi. Chagua siku moja usiyoisahau, kwa mfano Jumapili jioni wakati sare za shule zinapigwa pasi. Toa mmea, suuza mizizi taratibu kwa maji yaliyolala, sugua chombo ndani kwa sifongo, suuza kokoto, rudisha. Dakika kumi hazitaisha.

Chombo cha kioo kinapendeza, lakini kinapitisha mwanga, na mwanga ukikutana na maji huzaa utando wa kijani kwenye kuta na kokoto. Utando huo hauui mmea, ila unachafua maji. Ukichoka kuusugua, tumia chombo cha udongo kilichopakwa rangi ya kung'aa, au kikombe kikubwa kisichopitisha mwanga. Mizizi haina haja ya kuonekana.

Mbu nao wanapenda bahati

Sehemu hii usiiruke. Mwaka 2001, katika jimbo la California, Marekani, maofisa wa kudhibiti mbu waligundua kwamba mbu aina ya Aedes albopictus, anayeweza kubeba dengi, ameingia nchini kwa makontena yaliyoleta mwanzi wa bahati kutoka China. Mashina yalikuwa yamesafirishwa yakiwa yamesimama ndani ya maji. Vyombo vile vidogo vya maji safi, mahali penye kivuli, ndivyo mbu wa ukoo wa Aedes wanavyovitafuta.

Sisi tulio Kampala hatuna haja ya kwenda California kujifunza hilo. Msitu wa Zika uko kando ya njia ya Entebbe. Virusi vilivyobeba jina la msitu huo vilipatikana humo mwaka 1947 katika damu ya kima aliyewekwa kwa uchunguzi, na mwaka uliofuata vikapatikana ndani ya mbu wa Aedes africanus. Mbu wa jamii hiyo hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja kuloweshwa tena.

Sasa unaona kwa nini tumesema kusugua chombo, wala si kumwaga maji tu. Katika joto letu, yai huchukua siku saba hadi kumi hivi kuwa mbu anayeruka. Ukimwaga maji kila wiki na kusugua ukuta wa ndani, unaikata safari hiyo kabla haijafika mwisho. Usipofanya hivyo, umelala ndani ya chandarua huku ukifuga mbu sebuleni.

Mwanga wa mji ulio karibu na ikweta

Vitabu vingi vya maua viliandikwa Ulaya. Vitakwambia weka mmea kwenye dirisha la kaskazini kwa sababu huko jua halifiki. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo sheria hiyo haitufai. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua letu hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli Desemba linaweza kuwa na jua mwezi Juni.

Kwa hiyo usifuate dira, fuata kivuli cha mkono wako. Simama mahali unapotaka kuuweka mmea, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, nyosha mkono juu ya meza. Kivuli kikiwa cheusi chenye kingo kali, jua ni kali mno. Kikiwa hafifu, lakini bado kinaonekana, hapo ndipo penyewe. Usipoona kivuli kabisa, mmea utarefuka na kunyong'onyea, majani yatakuwa na rangi iliyofifia.

Dirisha la magharibi ndilo baya kuliko yote, kwa sababu jua la alasiri hupita kwenye kioo na kupasha moto hata maji ya chomboni. Pazia jepesi jeupe linatosha kulipunguza. Ukiwa na chumba kimoja chenye dirisha moja, weka mmea mita moja au mbili kutoka dirishani. Ugeuze robo mzunguko kila unapobadilisha maji, usije ukaelemea upande mmoja.

Kuhusu joto huna la kuhangaika. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na nyuzi zake, takribani 17 usiku na 28 mchana, zinaufaa mmea huu sana. Anayeishi Kabale, kwenye baridi ya milimani, auondoe dirishani usiku. Kila mtu auweke mbali na sigiri. Joto na moshi wa mkaa hukausha majani, na vumbi lake hufunga vinyweleo. Panguza majani kwa kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki mbili. Usiyapake mafuta ya kula ili yang'ae.

Chakula kidogo sana

Maji pekee yanaweza kuuweka hai muda mrefu, lakini ukitaka majani mapya uupe mbolea kidogo. Chukua mbolea ya maji ya maua ya ndani, uipunguze makali hadi sehemu moja ya kumi ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na uitie mara moja kwa miezi miwili. Kama una tangi la samaki wa maji baridi, maji unayoyatoa ukilisafisha ni mbolea tosha. Usitie yuria, DAP wala NPK ya shambani, hata punje moja. Ndani ya chombo kidogo hakuna udongo wa kuipoza, nayo itaunguza mizizi. Sukari, mkojo wa sungura na maji ya kuoshea nyama viache pia, vinaozesha maji.

Ukichoka na chombo, rudi udongoni

Mmea ukikaa majini mwaka mmoja au zaidi na mizizi ikijaa, ujue umefika wakati wa kuupeleka nyumbani kwake. Udongoni huishi kwa nguvu zaidi na hukusamehe ukisahau.

Tafuta chungu chenye matundu chini, kipana kuliko mizizi kwa vidole viwili kila upande. Changanya udongo mweusi sehemu mbili, mboji iliyooza vizuri sehemu moja, na mchanga wa mtoni au makapi ya kahawa yaliyokwisha kuoza sehemu moja. Panda, mwagilia, kisha weka kivulini. Kwa wiki tatu za kwanza udongo usikauke, kwa kuwa mizizi iliyozoea maji haijui bado kuyatafuta. Baada ya hapo chovya kidole: juu pakiwa pakavu hadi kwenye fundo la kwanza la kidole, mwagilia. Pakiwa na unyevu, ngoja. Mwaga maji yanayobaki kwenye kisahani, kwa ajili ya mizizi na kwa ajili ya wale mbu.

Jani linasema nini

*Ncha za kahawia zilizokauka:* klorini, floridi au chumvi. Badilisha aina ya maji. Kata ncha kwa mkasi safi ukifuata umbo la jani.

*Majani ya juu ya manjano:* jua limezidi au mbolea imezidi. Sogeza mmea, mwaga maji, acha mbolea miezi minne.

*Jani moja la chini la manjano mara moja moja:* uzee. Livute litoke, usiwe na wasiwasi.

*Shina la manjano linalolegea:* kuoza. Litoe siku hiyo hiyo, kwa sababu uozo huambukiza majirani katika chombo kimoja. Osha yaliyobaki, sugua chombo, anza na maji mapya.

*Vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani:* vidung'ata. Vifute kwa pamba iliyochovywa spiriti, rudia baada ya siku saba.

*Utando mwembamba kama wa buibui na madoa madogo mengi:* utitiri. Osha majani pande zote kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza.

*Waya au utepe unaozama shinani:* mmea unanenepa na kamba hainenepi. Legeza au ukate.

Kuokoa na kuzidisha

Shina lililooza chini lakini lenye kijani juu halijapotea. Kwa kisu kikali kilichopanguzwa spiriti, kata kwenye sehemu ngumu ya kijani, chini kidogo ya fundo. Ondoa majani ya chini. Sehemu ya juu itie katika maji yaliyolala, mahali penye kivuli. Mizizi huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida kabla ya miezi miwili. Badilisha maji kila wiki kama kawaida. Kisiki kilichobaki, kama bado ni kizima, kipakwe nta ya mshumaa juu ya jeraha ili kisikauke. Kinaweza kuchipua pembeni, kwenye jicho lililo kwenye fundo. Chipukizi la pembeni lenye urefu wa kiganja nalo hukatwa na kupandwa hivyo hivyo.

Watoto, paka na safari za Krismasi

Jina lisikudanganye jikoni. Mmea huu si malewa. Una kemikali ziitwazo saponini, zinazoweza kumtapisha paka au mbwa na kumtoa mate. Uweke juu wasikofika. Mtoto mdogo naye ana hatari ya pili, zile kokoto nzuri za rangi, ambazo zinaweza kumkaba koo.

Mwezi Desemba nusu ya Kampala hurudi kijijini. Siku ya kuondoka, badilisha maji, sogeza mmea mbali na dirisha, kisha ufunge mdomo wa chombo kwa kipande cha chandarua kuukuu na uzi, shina likipita katikati. Maji yatapumua, mbu hataingia. Ukirudi, kabla hujafungua mabegi, mwaga na kusugua.

Na ile bahati?

Kwa desturi ya Kichina, mashina matatu huombea furaha, mali na maisha marefu. Manne hayatolewi zawadi, kwa sababu neno la Kichina la "nne" linakaribia sana kutamkwa kama neno la "kifo". Kama imani yako haikuruhusu kutegemea mmea kukuletea riziki, usiwe na shaka. Mmea wenyewe hauhesabu mashina yake, nawe unaweza kuupenda kwa kijani chake tu.

Kuna desturi ya karibu nasi zaidi. Chipukizi lako la kwanza likishatoa mizizi ya rangi ya chungwa, litie kwenye kopo safi na umpelekee jirani, hasa yule mliyegombana naye juu ya maji taka au kelele za redio. Mchaga akiliona atalijua mara moja, ingawa limebadilisha jina. Ukimkabidhi, usimwambie "maji tu". Mwambie: maji yaliyolala, na kila Jumapili uyamwage.